MALEBA YA HARAMIA: JINSI NILIVYOMSHONEA NAHODHA WETU

Katika fasihi simulizi tumefunzwa kwamba maleba ni mavazi maalumu anayovaa mwigizaji ili afanane na mhusika anayemwigiza. Katika mtihani hilo ni jibu la alama moja au mbili. Ukishaliandika, unaendelea na swali linalofuata. Mimi mwaka huu nililazimika kuyashona maleba yenyewe kwa mikono yangu, ndipo nikajua kwamba ile alama moja ina jasho ndani yake. Katika makala haya nitaeleza jinsi vazi la haramia linavyokatwa na kushonwa, ili atakayepewa kazi hii mwaka ujao asianzie sufuri kama mimi.

Mambo yalianza muhula wa kwanza, Chama chetu kilipoamua kuigiza mchezo mfupi tuliotunga wenyewe, wa jahazi lililotekwa na maharamia. Wahusika wengi walikuwa rahisi kuvisha. Mabaharia wa jahazi walikuwa na vikoi na fulana za nyumbani, naye mfanyabiashara akaazima kanzu ya baba yake. Taabu ilikuwa nahodha wa maharamia. Mkutano ukaniteua mimi nimshonee. Sababu iliyotolewa ni kwamba mimi ni msichana. Nilingojea sababu ya pili lakini haikuja. Ukweli ni kwamba hadi siku hiyo kazi yangu kubwa kabisa ya sindano ilikuwa kurudishia vifungo na kupinda upindo wa sketi ya shule.

"Kwani kuna kazi gani?" mwenzetu mmoja akasema. "Haramia huvaa matambara. Tafuta suruali kuukuu, uichanechane, umfunge kitambaa jichoni. Basi!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Yule aliyechaguliwa kuigiza hakucheka. (Nitamwita Nahodha tu, na ruhusa ya kuandika haya amenipa.) Jioni, tulipokuwa twaelekea steji ya matatu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Matambara ninayo nyumbani. Sitaki kupanda nayo jukwaani mbele ya shule nzima."

Nilikosa la kusema. Suruali yake ya shule ilikuwa na kiraka kila goti. Vilikuwa vimeshonwa vizuri sana, mishono midogo midogo iliyonyooka, lakini kiraka ni kiraka, na wanafunzi wana macho. Nikamwambia, "Hutavaa matambara." Niliyasema hayo kwa ujasiri, ilhali sikuwa na mpango wowote.

Kesho yake nikaenda maktabani na swali moja: je, maharamia wa kweli walivaa nini?

Kumbe picha tuliyo nayo vichwani imetoka vitabuni na kwa wachoraji. Nahodha mwenye mguu mmoja na kasuku begani ni Long John Silver, mtu wa kubuni katika riwaya ya Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, iliyotoka kama kitabu mwaka wa 1883. Mwenye kulabu badala ya mkono ni Captain Hook, naye ni wa kubuni, katika tamthilia ya Peter Pan ya J. M. Barrie iliyoigizwa mara ya kwanza London mwaka wa 1904. Vile vilemba na mishipi mipana ya rangi vilienezwa sana na mchoraji wa Marekani aitwaye Howard Pyle, aliyefariki mwaka wa 1911. Haramia wa kweli wa miaka ya 1700 alikuwa baharia, akavaa kama mabaharia wenzake: shati pana, koti fupi, na suruali pana inayokoma chini ya magoti ili isimnase akipanda mlingoti.

Tena, na hili lilinifurahisha mno, baharia alikuwa mshonaji. Tanga likipasuka katikati ya bahari, hakuna fundi wa kumpelekea. Mabaharia walijua sindano, na mikono iliyoshona tanga ilishona na suruali. Nililisoma jambo hili kwa sauti katika mkutano uliofuata, nikiwatazama wavulana wote waliosema kushona ni kazi ya wasichana.

Lililo kubwa zaidi lilikuwa habari za Bartholomew Roberts. Huyu alikuwa nahodha wa maharamia kutoka Wales, aliyeuawa katika mapigano na meli ya kivita ya Kiingereza karibu na pwani ya Gabon mwezi wa Februari, 1722. Kitabu kuhusu maharamia kilichochapishwa London mwaka wa 1724 kwa jina la Captain Charles Johnson chaeleza kwamba siku hiyo ya mwisho Roberts alivaa kizibao na suruali za hariri nzito nyekundu iliyofumwa maua, kofia yenye unyoya mwekundu, na mkufu wa dhahabu wenye msalaba wa almasi. Hayo ni mavazi ya bwana harusi! Nikakumbuka pia kwamba mzigo ulioporwa mara nyingi ulikuwa nguo. Meli ya Quedagh Merchant, ambayo William Kidd aliiteka mwaka wa 1698 katika Bahari ya Hindi hii hii yetu, ilikuwa imejaa hariri na vitambaa vya pamba. Mtu aliyeiba marobota ya hariri angevaa matambara kwa nini?

Nilimpelekea Nahodha habari hizo zikiwa kwenye daftari. Alisoma ukurasa mzima, akaurudia. Kisha akaniuliza swali la maana, "Na hiyo nyekundu tutaitoa wapi?"

Chama kilinipa shilingi 1,200. Jumamosi nikashuka Kongowea, kwenye mitumba. Katika rundo la nguo za watoto nikavuta kitu cheusi chenye fuvu la kichwa kifuani. Kilikuwa vazi la haramia! Nguo za aina hiyo hushonwa kwa ajili ya Halloween, ambapo jioni ya tarehe 31 Oktoba watoto wa Marekani hujivika kila namna, wakapita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Sikukuu ikiisha na mtoto akikua, nguo huingia robotani ikafika kwetu. Nilikinunua kwa shilingi 50. Kilikuwa cha mtoto wa miaka minane hivi, lakini mimi sikutaka kukivaa, nilitaka kukifumua. Ukitaka kujua nguo ilivyokatwa, fumua mshono mmoja mmoja kwa wembe, utandaze vipande mezani. Hapo utaona mgongo, kifua na mikono vikiwa peke yake, na waweza kuvichora kwenye gazeti.

Kosa langu la kwanza lilianzia hapo hapo. Vazi lile lilikuwa la kudanganya macho: shati na kizibao vilikuwa kitu kimoja, na nyuma kulikuwa na utepe wa kubandika na kubandua kama wa viatu vya watoto wadogo. Lilishonwa livaliwe jioni moja. Mimi nikachukua vipande vyake, nikavikuza kwenye gazeti hadi kipimo cha Nahodha, nikakata shuka kuukuu la nyumbani. Kifua chake ni inchi 34. Nikakata shati la inchi 36, nikidhani mbili zatosha kwa kupumua. Nikashona kwa cherehani ya jirani siku mbili. Lilipendeza, wallahi, likiwa limetundikwa msumarini.

Siku ya mazoezi Nahodha akapanda juu ya madawati yaliyokuwa meli yetu, akainua upanga wa mbao apige ukelele. Kraaa! Kwapa la kulia likafunguka hadi kiunoni. Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akasema, "Huyo sasa ndiye haramia!" Nahodha akashuka polepole, akavaa sweta yake ya shule juu ya lile shati, ingawa jua la Mombasa mwajua lilivyo saa tisa alasiri, akaenda zake. Siku iliyofuata hakuja mazoezini.

Nililia kidogo, sifichi. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai. Mtaani kwetu kuna mzee ashonaye kanzu kibarazani kwake, kwa cherehani nyeusi ya miguu. Nikalibeba lile shati nikamwendea.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wakumbatia nini hicho?"

"Shati la haramia, Babu. Limechanika."

Akaligeuza ndani nje, akatazama kwapani, akatia kidole tunduni. "Hili ni shati la mtu asiyeinua mkono. Kikwapa ki wapi?"

Mimi nilijua kikwapa ni ile harufu ya mtu aliyekosa kuoga. Nikaona haya, nikadhani ananitania. Babu akacheka hadi akavua miwani. Akachukua kanzu aliyokuwa akiishona, akanionyesha kila kipande kwa jina lake, na hapa, enyi wapenzi wa Kiswahili, nilipata msamiati ambao sijawahi kuupata darasani. Kipande kikubwa cha mbele na cha nyuma huitwa badani. Vipande vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana chini ni taharizi. Kitambaa kinachoshonwa kwa ndani kuzunguka shingo ili isilegee ni kaba. Na kile kipande kidogo cha mraba kinachotiwa chini ya mkono ndicho kikwapa. Mkono ukiwa chini, kikwapa hujikunja kisionekane. Mkono ukiinuka, hufunguka kama tanga dogo, na mshono hauvutwi.

Lililonishangaza ni hili. Nilikuwa nimesoma kwamba mashati ya Ulaya ya miaka ya 1700 yalikatwa kwa vipande vya mraba na mstatili vitupu, bila kupoteza kitambaa, na kwapani yalitiwa vipande vya mraba. Nilisoma nikapita, kwa sababu sikuelewa. Sasa Babu ambaye hajamwona haramia ila kwenye televisheni alikuwa akinionyesha kitu kile kile mikononi mwake.

Basi nikanunua mita mbili na nusu za marekani, shilingi 375. Jina hilo la kitambaa lina historia yake. Katika karne ya 19 meli kutoka Salem, huko Massachusetts, zilileta Unguja vitambaa vya pamba visivyopaushwa, na mwaka wa 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Watu wakakiita kitambaa kwa jina la kilikotoka. Rangi yake ni ya maziwa yaliyochujuka, na yafaa sana kwa baharia.

Sasa tufuatane, uwe na kalamu. Kwanza, usikate marekani siku uliyoinunua. Iloweke usiku kucha wanga utoke, uianike, uipige pasi. Yangu ilipungua inchi 4 kwa urefu. Kama ningelikata kabla, Nahodha angelivaa shati la mdogo wake.

Pili, pima mtu, usipime picha. Kutoka begani hadi katikati ya paja nilipata inchi 32. Badani ya mbele na ya nyuma ni kipande kimoja kinachokunjwa begani, kwa hiyo 32 mara mbili ni 64, nikaongeza 3 za pindo, zikawa 67. Upana nikakata 24. Mshono ukila nusu inchi kila upande, hubaki 23 mbele na 23 nyuma, yaani shati la inchi 46 kwa kifua cha 34. Niliona ni gunia. Babu akaniambia, "Gunia ndilo litakalokaa. Hilo lako la 36 lilikaa?" Nikanyamaza.

Kitambaa changu kilikuwa na upana wa inchi 36, hivyo kando ya badani ukabaki ukanda wa inchi 12. Usiutupe! Humo ndimo mnatoka vikwapa viwili vya inchi 5 kwa 5, kaba, ukosi, na vikanda vya kufungia mikono. Kisha nikakata mikono yote miwili kutoka kipande cha urefu wa inchi 24, kila mmoja upana 18. Shingo haikatwi duara kubwa, maana kitambaa ukishakiondoa hakirudi. Kwenye mkunjo wa begani, katikati kabisa, kata mstari wa inchi 7 kwenda upande, kisha kutoka katikati ya mstari huo shuka inchi 9 kifuani. Hapo ndipo kichwa kinapopita.

Nilipoanza kukata nikishindilia makasi, Babu akanishika mkono. "Wewe, wakata nguo ama wakata mkate? Nyoosha uzi kwanza." Akanifundisha kuchomoa uzi mmoja wa kitambaa toka ukingo hadi ukingo, panapobaki ufa mwembamba ndipo pa kupitisha makasi. Nguo iliyokatwa hivyo hainingʼinii upande mmoja.

Kushona kwenyewe ni kwa mpangilio. Anza na kaba na shingo, ndipo utie ukosi. Halafu unganisha kikwapa na mkono kabla ya mkono kuungana na badani. Funga mshono wa mkono, lakini uache inchi 5 za mwisho upande wa kwapa, na katika pengo hilo ndipo kikwapa kinapokaa, pembe moja ikielekea kiganjani na nyingine ubavuni. Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya mkono ya kushikilia tu, umvishe mtu, umwambie ainue mikono yote miwili juu kabisa. Ikiwa hapajavuta, ndipo uende cherehanini. Bandi hufumuliwa kwa dakika moja. Mshono wa cherehani niliufumua mara tatu, na kila mara kikwapa kilikuwa kimegeukia nje.

Shati likaisha kwa siku nne za jioni. Nilimpelekea Nahodha kwao. Akalivaa juu ya fulana, akainua mkono wa kulia, akainua wa kushoto, akarukaruka uani mpaka kuku wakatawanyika. Kesho yake alikuwa mazoezini.

Kizibao ndicho nusura kinishinde. Mama alikuwa amenipa pazia kuukuu la mahameli nyekundu. Marekani haina ndani wala nje, kwa hiyo nilikuwa nimezoea kukata bila kufikiri. Mahameli ina upande mmoja wenye manyoya. Nikaweka gazeti langu nikakata kifua cha kushoto, nikaliweka tena vile vile nikakata cha pili. Nilipovigeuza nikaona nina vifua viwili vya kushoto. Pazia lilikuwa limekwisha! Sikuthubutu kumwambia Mama siku hiyo. Babu hakunikemea, akauliza tu koti la juu lafunika wapi. Kifua cha kulia tukakiunga kwa vipande vitatu vya masalio, maungo yakaja mahali ambapo koti hulala, na kifua cha ziada nikakikata kikawa vifuniko vya mifuko na vikofi vya koti. Ukikata kitambaa chenye uso, kikunje uso kwa uso, ukate vipande viwili kwa mara moja. Ni hilo tu, na mimi lilinigharimu usingizi.

Mengine hayakuwa na kazi kubwa. Koti lilikuwa la kike, refu, la rangi ya damu ya mzee, shilingi 200 Kongowea. Nikatoa ukosi, nikatia utepe wa dhahabu wa Biashara Street na vifungo vya shaba. Suruali ilikuwa kuukuu ya kakangu, nikaikata chini ya magoti nikapitisha lastiki. Kofia kuukuu ya sufi tuliipinda ukingo mahali patatu, unyoya ukatoka kwa jogoo wa jirani ukatiwa rangi nyekundu. Kiunoni alijifunga kikoi cha babake. Vifungo vyote vya koti alivishona Nahodha mwenyewe, na nakiri kwamba mishono yake ilikuwa bora kuliko yangu. Nilipomuuliza alijifunzia wapi, akasema, "Unadhani hivi viraka nani huvishona?"

Katika zile shilingi 1,200 nilirudisha 275. Mweka hazina alizihesabu mara mbili.

Siku ya Chama, ua wa shule ulijaa. Nahodha alipotokea nyuma ya pazia na koti lake jekundu, hakuna aliyecheka. Kukawa kimya, kisha kidato cha kwanza wakapiga mayowe. Akapanda juu ya madawati, akainua upanga. Watu walitazama upanga, mimi nilitazama kwapa. Likafunguka, likajikunja, likafunguka tena. Mchezo wote sikuuona, kwa hiyo msiniulize ulikwishaje.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilipopita kwa Babu kumrudishia makasi, nilimkuta Nahodha ameketi kibarazani na mita mbili za kitambaa cheupe cha shati la shule magotini, akichomoa uzi.

Vazi lenyewe limo kabatini mwa Chama, ndani ya mfuko wa buluu, pamoja na vipande vya gazeti vya kukatia. Atakayelihitaji amwone mwalimu mlezi. Asilifue kwa maji moto, kwani mahameli huchuja rangi, na aangalie lile ungo la tatu la kizibao upande wa kulia, limeanza kuachia.